Nilivyoandika programu ya kumshinda dalali wa ngamia kwenye shax, nikaumbuka mchana kweupe

Wakuu, asalaam aleikum, na wale wa "mambo vipi" pia nawasalimu.

Juzi kuna mwenzetu humu aliuliza sisi programmers tunapumzikaje tukitoka kazini. Majibu yakawa yale yale: series, gym, game za mpira. Mimi nilisoma kimya huku nacheka peke yangu, maana jibu langu lisingetosha kwenye comment. Nikaona bora nianzishe uzi.

Sitatia chumvi hata punje. Anayebisha aje Garissa, aulize "Injinia Kwisha anakaa wapi?" Mwenye tuk-tuk yeyote atamleta mpaka mlangoni kwangu, na atakuwa anacheka njia nzima.

Mimi ni Msomali wa Eastleigh. Nimezaliwa Nairobi, nimesomea Nairobi, na Kisomali changu ni cha kubahatisha. Tulihamia huku miaka miwili iliyopita kwa sababu mke wangu, Hodan, alipata kazi ya ualimu. Yeye ni mtu wa Griftu, mji wa wafugaji huku huku kaskazini mashariki, kwa hiyo kwake hii ni kama kurudi nyumbani. Kazi yangu mimi haina kwao, penye internet ndipo ofisini.

Naandika code ya kampuni moja inayofuatilia malori ya mizigo. Lori likisimama njiani, mfumo unatakiwa ujue limesimama kwa nini. Mfumo ukikosea, simu inalia kwangu.

Naanza alfajiri kabla jua halijakaza, nafunga laptop saa kumi jioni. Laptop inafungika vizuri tu. Kichwa ndicho kilichokuwa hakifungiki.

Mliomo kwenye hii kazi mnanielewa. Unakula, lakini unatafuna bug, kosa la kwenye code. Unaswali, halafu unajikuta kwenye rakaa ya pili unafikiria database. Astaghfirullah.

Nilijaribu kila kitu. Series, nilikuwa naangalia episode nzima bila kujua nani kamuua nani. Kukimbia, nilikimbia siku mbili kwenye joto la Garissa, ya tatu Hodan akanificha viatu.

Sasa sikilizeni kilichonivunja moyo.

Tuna binti mmoja, Sumeya, ana miaka mitano. Anasoma dugsi, madrasa ya Kurani, mtaa wa pili kutoka kwetu. Kumchukua jioni ilikuwa zamu yangu. Siku hiyo nilifunga kazi na bug haijapatikana, nikatoka kumfuata mtoto. Nikatembea. Nikapita mbele ya dugsi. Sumeya alikuwa amesimama mlangoni na ubao wake wa kuandikia, akaniita "Aabo! Aabo!", yaani baba, mara tatu, mwalimu wake akisikia.

Sikusikia. Nilipita nikaenda zangu mpaka dukani, nikanunua sukari, nikarudi nyumbani bila mtoto.

Mwalimu ndiye aliyemleta. Hodan hakupiga kelele, na mimi ningependa angepiga. Alisubiri Sumeya aingie ndani, ndipo akasema:

"Baba Sumeya, mtoto ameniuliza kama umemkasirikia. Nitamjibu nini?"

Nikaiweka ile sukari mezani.

"Nakupa mpaka mwisho wa mwezi," akasema. "Ukiweza kuiacha hiyo kazi hukohuko kwa laptop, sawa. Ukishindwa, andika barua uache. Tutaishi na mshahara wangu, hatutakufa."

Na Hodan si mtu wa kutishia, akisema amesema. Wakuu, mimi kazi yangu naipenda. Nilijifunza code kwenye cyber nikiwa darasa la nane, najinyima chakula cha mchana. Kuiacha ilikuwa kama kukatwa mkono. Na huyo mtoto mlangoni nilikuwa namuona kila nikifumba macho.

Kesho yake, zamu ya dugsi Hodan ameichukua mwenyewe, nimetoka kuswali alasiri, napita nyuma ya duka moja la hardware, kuna ukuta mrefu unaotupa kivuli. Hapo kila jioni kuna kikao cha wanaume. Katikati yao mchangani kumechorwa miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, imeunganishwa kwa mistari. Hiyo ndiyo shax. Kila mchezaji ana kete kumi na mbili. Mnazipanga zote kwanza mpaka nafasi zijae, kila mmoja anaondoa moja ya mwenzake, kisha mnaanza kuzisogeza. Ukipata tatu kwenye mstari mmoja, unamla mwenzako moja. Kete za huyu ni vijiwe, za yule ni mavi ya ngamia yaliyokauka. Mgeni ndiye hupewa mavi.

Bingwa wa hapo anaitwa Gedi. Ni dalali wa soko la mifugo, mtu wa miaka hamsini hivi, ndevu za hina, sauti ya kuuzia ngamia hata akinong'ona. Huyo adeer Gedi (adeer ni ami, ndivyo tunavyowaita wakubwa) ananiongelesha Kiswahili makusudi, eti Kisomali changu kinamuumiza masikio, ingawa p yake mara nyingi hutoka b.

"Wewe injinia!" akaniita. "Kila siku unabita hapa uso chini kama mtu imeboteza mbuzi. Kuja ukae."

"Nina kazi, adeer."

"Kazi iko wapi? Mimi naona mikono yako bure."

Nikakaa. Nikapewa mavi.

Nilipigwa vibaya sana. Na kupigwa kwa shax si kwako peke yako, maana watazamaji wote ni makocha. Huyu anakwambia sogeza hapa, yule anakwambia usimsikilize huyo, wa tatu anatukana mkono wako. Gedi alinifikisha kwenye hali wanayoiita irmaan, yaani ngamia mwenye maziwa: kila akisogeza kete, anafunga mstari, ananila moja. Anakukamua tu.

"Tulia, tulia," ananiambia, "ngamia yangu ikirusha miguu maziwa inamwagika."

Watu hoi. Mimi mwenyewe nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Nilipofika nyumbani ndipo nikashtuka: saa nzima na nusu sikuwa nimelifikiria lori hata moja. Sumeya alinisimulia habari ndefu ya paka wa jirani, na niliisikia yote. Wakuu, nilikaribia kulia kwa furaha. Nilikuwa nimepata dawa.

Hapa mtu mwenye akili timamu angeendelea kwenda kuchapwa kila jioni, anarudi nyumbani mwepesi. Lakini mimi ni developer. Nilienda nikachapwa siku nne mfululizo, ya tano nikajiambia: huu mchezo una nafasi ishirini na nne tu. Hii ni kazi ya loop mbili tatu.

Mnaona shida inapoanzia?

Nikatafuta mtandaoni, nikapata code ya bure ya mchezo wa Wazungu unaofanana na shax kabisa, miraba ile ile mitatu. Nikaongeza kete zifike kumi na mbili, nikabadilisha namna ya kuanza, nikaipa jina "Gedi Killer". Siku tatu nikawa nafunga kazi saa kumi, nafungua laptop tena saa kumi na dakika tano. Kikaoni siendi. Nacheza na mashine, nasoma mbinu zake. Yaani nilikuwa napumzika kwa kufanya overtime.

Hodan alikuwa akipita mlangoni, ananitazama mgongo, anaondoka. Kalenda iko ukutani, mwezi unaisha, na mimi sioni.

Mbinu kuu ya ile programu ilikuwa kumbana mpinzani mpaka akose pa kwenda. Akikosa, mchezo umekwisha, umeshinda. Nikaikariri kama sura fupi za Kurani.

Alhamisi nikaenda. Nilifika kifua mbele, na mdomo nao haukubaki nyuma. Nikatangaza mbele ya watu wote kwamba leo adeer Gedi akauze ngamia mapema, kwa sababu hapa ana msiba.

"Waallahi?" Gedi akasema. "Leo mtoto ya Nairobi amekunywa nini?"

Tukaanza. Wakuu, nilicheza! Kila kete naiweka pale mashine ingeiweka. Makocha wakaanza kunyamaza mmoja mmoja. Gedi akaacha utani, akavua kofia, akajikuna kichwa. Nikambana huku, nikambana kule, mpaka kete zake zote zikawa hazina njia. Hata moja haisogei.

Nikaruka juu, mikono hewani.

"Kwisha!" nikapiga kelele. "Kwisha kabisa! Kwisha!"

Watu wakatazamana.

Nikadhani ni mshangao. Nikazunguka kuwapa watu mikono. Hakuna aliyenipa wake.

Gedi akaniangalia kwa huruma ya kweli. "Kwisha nini, injinia?"

"Huna pa kwenda, adeer. Umeshindwa."

"Nani alikwambia mtu akikosa njia ameshindwa? Sisi ni watu ya mifugo. Mtu amefungiwa, unamfungulia. Sogeza yako, nibite."

Ndiyo kanuni ya shax, wakuu. Ukimbana mwenzako kabisa, wewe ndiye unayelazimika kumpa njia, halafu mchezo unaendelea. Kwenye ule wa Wazungu, aliyebanwa amekufa. Mimi nilichukua kanuni zao, nikavunja kichwa siku tatu, na katika siku zote hizo sikumuuliza mtu hata mmoja kama ndivyo inavyochezwa.

Kicheko kilichofuata sijapata kukisikia. Mwenye hardware alitoka dukani na mteja wake kuja kuona nani kafa. Mzee mmoja alilala chali mchangani. Nikafungua njia, ngome yangu yote ikalegea, na Gedi akaanza kunikamua. Kila akinila kete, kikao kizima kinaitikia: "Kwishaaa!"

Jina likaganda hapo hapo. Huku ukishapewa jina la utani, hata kwenye hati ya kiwanja watakuandika hilo.

Nikarudi nyumbani masikio yanawaka. Na mnajua nilikuwa nawaza nini njiani? Namna ya kurekebisha ile kanuni kwenye code. Mistari sita tu. Nilifika moja kwa moja kwenye laptop.

Hodan akaweka mkono juu yake kabla sijaifungua.

"Siku tatu nimenyamaza nikijua ni kazi ya malori," akasema. "Leo niambie ukweli. Unaandika nini?"

"Shax."

"Nini?"

Nikamweleza yote. Programu, Gedi, mikono hewani, kwisha. Alijaribu kubaki na hasira, namjua, alijaribu kweli. Lakini nilipofika kwenye "unamfungulia" akainama, akakaa chini sakafuni, akacheka mpaka machozi yakaloanisha shela.

"Kanuni hiyo mtoto wa Griftu anaijua kabla hajajua kufunga kandambili," akasema. "Mimi nimecheza na baba yangu kila mwaka wa ukame, tukingoja wanyama warudi kisimani. Kwa nini hukuniuliza?"

Haikunijia, wakuu. Bingwa nalala naye nyumba moja, mimi naenda kuuliza internet.

Akanishika mkono, tukatoka uani. Jua lilikuwa bado halijazama. Akachora miraba mitatu kwa kijiti, haraka, bila hata kuangalia vizuri. Sumeya akapewa kazi ya kuokota vijiwe. Nikachapwa mara ya kwanza. Nikachapwa ya pili. Katikati ya mchezo wa tatu Sumeya, ambaye hajui hata kanuni moja, akawa kocha wangu, ananipangia kete kwa mdomo kama mzee wa sokoni, na nikamfuata, nikachapwa tena.

Tangu siku hiyo ndivyo jioni zetu zilivyo. Kwa Gedi naenda mara mbili kwa wiki, kuchapwa rasmi. Siku nyingine ni uani. Ile programu nimeifuta. Iliniuma kidogo, nakiri.

Siku ya mwisho ya mwezi ilipofika, roho ilikuwa juu. Hodan hakutaja kitu tangu asubuhi. Jioni tukiwa uani, nikajikaza.

"Mama Sumeya, leo ndiyo mwisho. Ile barua niandike?"

Hakuinua uso. Alikuwa anatazama kete zangu, zote zimebanwa, hakuna inayosogea.

"Ngoja kwanza nikufungulie," akasema, akaisogeza moja yake pembeni. "Haya. Pita."

Barua sikuiandika, wakuu. Somo nililopata ni dogo tu. Ukiona mapumziko yako yana version na jina la file, hiyo ni kazi imevaa kofia nyingine. Pumzika mahali unapoweza kushindwa na watu wakacheka, wewe ukiwamo.

Nanyi mnaoandika code, jioni huwa mnafanya nini mpaka kichwa kinyamaze? Na kama kuna anayejua namna ya kumshinda mtu wa Griftu kwenye shax, aandike hapa chini. Ila aanze na kanuni.