Kitabu cha Picha na Kitabu cha Maneno

Mjukuu wangu alifeli somo la namna mtoto anavyoumbwa tumboni. Wenyewe wanaliita embriolojia. Alikuwa mwaka wa kwanza wa udaktari, masomo mengine yote alivuka, hilo likamkamata. Akapewa nafasi moja ya kurudia mtihani, kabla ya mfungo wa Ramadhani. Akianguka tena, chuo basi, anarudi nyumbani Kilosa na begi lake. Siku zile alikuwa anakula kidogo, na ukimwita anaitika baada ya mara ya tatu.

Mimi shule niliishia darasa la pili. Kiswahili nasoma polepole, Kiingereza sikijui. Ninachokishika ni majina. Wote tuliokaa nao darasani, wote waliozaliwa mtaani kwetu tangu nimeolewa, nawataja bila kukosea. Hapa sitawataja, maana wengi wapo hai na sijawaomba ruhusa.

Kumbe mjukuu wangu alikuwa anasoma makaratasi tu, kopi iliyotolewa kwenye kopi, michoro imekuwa madoa meusi. Ndipo tukasikia habari za daktari mmoja kijana pale Mikumi. Alikuwa amehamishwa, anaondoka na vyombo vyake kwenda Ifakara, na alikuwa na vitabu viwili vya somo hilo. Akamwambia mjukuu wangu kwenye simu, "Njoo uchague kimoja. Kingine nimemwahidi mwanafunzi wa Ruaha, nitampitishia njiani."

Binti haendi peke yake nyumbani kwa kijana asiye na mke. Mama yake alikuwa hajapata ruhusa kazini. Nikajifunga khanga, tukaondoka wawili.

Ilikuwa imenyesha. Tulipopita kijiji cha Ulaya basi likazama kwenye tope, wanaume wakashuka kusukuma. Mjukuu wangu akawa anapiga simu, haipokelewi. "Ataondoka, Bibi," akasema. Nikamwambia anyamaze, ingawa na mimi nilikuwa nawaza hilo hilo.

Tulimkuta. Fuso lilikuwa limeshapakiwa, godoro juu, kamba zinakazwa. Dereva alikuwa anataka kupita mlima kabla mvua haijarudi na hakutuficha kwamba tunamchelewesha. Daktari akaja mbio kutupokea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Ndiyo unatoroka hivi, hata kwaheri hutoi?"

Akacheka, akatuketisha kwenye ngazi ya nyumba iliyobaki tupu. Akavitoa vitabu kwenye kiroba. Kimoja chembamba, karatasi zinang'aa, kimejaa picha za rangi, mtoto wa wiki hii, mtoto wa wiki ile. Cha pili kinene kama tofali la kuchoma, maneno matupu, na michoro michache ya kalamu.

"Kwa muda uliobaki mimi ningechukua cha picha," daktari akasema. "Hicho kingine kinataka subira."

Mjukuu wangu alikuwa ameshakikumbatia cha picha. "Bibi, unaonaje?" Na ninamjua. Nikisema hiki, anachukua hiki.

Nikakifungua nione. Sikuhitaji kusoma. Mwanzo ni kama punje, halafu kama kiluwiluwi, halafu kuna kichwa kimeinama na vidole vinaanza kujitenga. Hapo nikaacha kufunua. Zamani, wakati wa palizi, mimba ilinitoka ikiwa na miezi mitatu. Wanawake walioniuguza walifunga kila kitu kwenye kitambaa, wakaniambia ni damu tu, wakaenda kuzika bila kunionyesha. Huyo ndiye peke yake katika wanangu asiye na jina, na sikuwahi kujua alikuwa amefika wapi. Sasa nilikuwa namtazama. Vidole vyote alikuwa navyo.

Nilikitaka kile kitabu. Nasema kweli, nilikitaka kiende Kilosa kikae ndani, niwe nakifungua watu wakitoka. Na ilikuwa rahisi, neno langu moja tu, mjukuu mwenyewe anakipenda na daktari amekisifu.

Dereva akapiga honi. "Wazee, mvua hiyo."

Sasa, sisi tulipokuwa wadogo tulikuwa tunatumwa habari kwa mdomo. Unatumwa Mvumi kwa shangazi, na kabla hujatoka uani unaambiwa, haya, niambie nilivyokutuma. Ukikosea huendi, anatumwa mwingine. Nilijua hivyo tu, sikuwa na njia nyingine ya kukijua kitabu.

Nikamwambia mjukuu wangu, "Soma hapo penye moyo. Ukimaliza ufunike, uniambie kwa Kiswahili."

"Bibi, hatuna muda."

"Soma."

Akasoma cha picha, haraka, akakifunika. "Moyo unakuwa hapa kifuani. Mara ya kwanza mdogo, mwekundu. Halafu unakuwa mkubwa."

"Umetoka wapi?"

"Upo tu, Bibi. Kwenye picha upo."

Nikampa kinene. Akakunja uso, akasoma akifuata mistari kwa kidole. Dereva akazima injini kwa hasira, pakawa kimya. Mtoto alisoma muda mrefu, mpaka nikaona daktari anatazama saa. Kisha akakifunika, akaanza kwa kubabaika. Kuna matabaka matatu, akasema, la nje linatoa ngozi na ubongo, la ndani linatoa utumbo na mapafu, na moyo ni wa lile la kati, pamoja na mifupa na damu. Unaanza kama mirija miwili, mmoja huku, mmoja huku. Inasogeleana, inaungana, inakuwa mrija mmoja.

"Halafu?" Safari hii daktari ndiye aliyeuliza.

"Halafu unarefuka kuliko nafasi yake, unajikunja." Akaonyesha kwa mkono wake, akaukunja kwenye kiganja cha mkono wa pili. "Ndiyo maana ule upande wa chini unakwenda juu. Hilo ndilo waliloniuliza kwenye mtihani, nikaliacha wazi."

Daktari akaacha kutazama saa. Mjukuu wangu akakitazama kile kinene kwa woga. "Lakini Bibi, hiki kitanimaliza. Hiki siwezi kukimaliza. Wenzangu wote wanasoma cha picha."

Cha picha kilikuwa mapajani mwangu, kidole changu bado kipo kwenye ule ukurasa. Nikakitoa kidole. Nikamrudishia daktari. "Mpelekee yule wa Ruaha," nikasema. "Huyu anachukua chenye maneno."

"Bibi," mtoto akasema, na machozi yakaanza.

"Nimeshasema."

Daktari akakirudisha kwenye kiroba, kiroba kikapanda garini, Fuso likaondoka. Nililitazama mpaka lilipokata kona ya barabara kuu, mjukuu wangu akidhani natazama mvua.

Kwenye basi alikaa amekipakata kitabu. Tulipokaribia Ulaya ndipo akaligeukia dirisha, akasema taratibu, kama anaongea na kioo, "Wewe hata hujui kilichoandikwa humo."

Ilikuwa kweli. Na nilianza kuogopa. Akianguka, kitabu nimemchagulia mimi, mbele ya daktari aliyesema vingine. Mama yake ataniuliza, na nitamjibu nini? Kwamba nilimsikiliza mtoto akieleza?

Wiki zile nyumba ilikuwa nzito. Anasoma jikoni wakati mimi nachambua mchele, na akimaliza sura namwambia aniambie. Siku za kwanza alikuwa anasema kwa kunikomoa, "Mke mwenzangu, leo nitakufundisha figo, uje unisaidie mtihani." Nikamwambia alipe ada yangu kwanza. Kuna jioni alikwama kwenye uso, namna vipande vya uso vinavyokutana na mtoto kuzaliwa mdomo umepasuka visipokutana. Alirudia, akakosea, akarudia, kitabu akakitupa chini. Mama yake akanitazama mimi, si yeye. Nikakiokota, nikakipangusa, nikakiweka mbele yake. Akaanza upya.

Akaenda chuoni, akafanya, majibu yakachelewa. Mfungo ukaingia. Simu ikilia mchana nilikuwa nampa mama yake aangalie ni nani.

Siku ilipolia ile tuliyoisubiri, simu nilikuwa nimeishika mimi, mama yake ameinama anakuna nazi ya futari.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sema."

"Nimevuka. Kwa alama chache, lakini nimevuka."

Mama yake akaninyang'anya simu na mkono wenye nazi, wakawa wanasema wote kwa pamoja, hakuna anayemsikia mwenzake. Nikawaacha. Nikakaa kwenye mbuzi ya kukunia, nikaendelea na ile nazi.