Kibanda cha Fundi Nukta

Fundi Nukta alikuwa seremala mfupi mwenye maneno marefu. Maisha yake yote aliwatengenezea watu makabati, na maisha yake yote hakuiamini futi ya kupimia. Alipima dunia kwa shibiri, mikono na utosi wake mwenyewe. Makabati yalitoka sawasawa, sasa nani ambishie?

Alipochoka na mji, akataka kibanda cha mbao kwenye mteremko, ubavuni mwa jabali lililofanana na ng'ombe aliyelala. Mkewe, mwanamke mrefu aliyezoea kumtafuta mumewe kwa kutazama chini, akampa sharti moja.

"Nitakuja mara moja tu, Baba Pacha. Nikikipenda, nahamia. Nisipokipenda, utakaa na mijusi wako."

Basi Nukta akahangaika kama bwana harusi. Wiki nzima alilala chali kwenye nyasi, akihama kila jua lilipohama, mpaka akajua dirisha likae wapi. Mti uliokuwepo hakuukata, akaufanya nguzo ya baraza. Mbao aliziacha na magome yake. Paa akalilaza kufuata mgongo wa jabali, hata ukiwa barabarani hulioni.

Siku ya mke kuja, shemeji mtu alitangulia na godoro kichwani, akakipita kibanda mara mbili.

"Shemeji, hii nyumba umeijenga au umeiota?"

Mke akafika. Akapapasa magome, akatabasamu. Nukta akavimba kifua. Mke akataka kuingia. Po!

"Mlango huu umempimia nani?" aliuliza, ameshika paji la uso.

"Mimi..."

"Na mimi niwe napitishwa chini ya mlango kama barua?"

Akainama, akaingia, akanyooka. Po tena, dari. Nje, godoro lilitikisika kwa kicheko cha shemeji. Nukta hakucheka. Miaka thelathini ya ndoa, na hakuwahi kumpima mkewe hata shibiri moja.

"Nitapandisha paa," alisema kwa sauti ndogo.

"Thubutu! Lichomoze juu ya jabali kama kofia ya askari? Paa limekaa vizuri mno." Akatoka ameinama, akarudi na jembe. "Sakafu si udongo? Chimba, bwana. Na kizingiti pia."

Nukta akamwomba asimame wima nje, kando ya ufito. Akapanda juu ya ndoo, akautia ufito alama ya mkaa sawa na utosi wa mkewe, kisha akaongeza shibiri moja juu yake.

"Hiyo ya nini?"

"Ya kilemba, Mama Pacha."

Mke akamgeukia kaka yake. "Lete godoro ndani. Angalia kichwa."