Ombolezo Langu Midomoni mwa Wengine

Nilianza kuzisoma zaburi kwa makini nikiwa na miaka thelathini na tatu, katika fleti ya ghorofa ya tano huko Greyville, mezani pa mwanamke niliyempenda kuliko rafiki yeyote niliyepata kuwa naye Durban. Alikuwa mudirijante wa kwaya yetu. Ndivyo sisi Wakongo tunavyomwita anayesimama mbele na kuongoza waimbaji kwa mikono. Zamani alisoma chuo cha Biblia Bukavu kwa miaka miwili, hapa akawa fundi cherehani. Mimi ni msusi. Saluni yetu iko mtaa wa Point na Jumatatu haifunguliwi, kwa hiyo kila Jumatatu mchana nilipanda ngazi zile na mkate mkononi, yeye akasukuma vitambaa pembeni, akachemsha chai, tukafungua Biblia.

Nilikuwa nimeziimba zaburi tangu utotoni bila kuzielewa. Ujana wangu niliupitia kambini Kigoma, ambako redio ya jirani ilisoma mashairi ya Kitanzania, na kutoka hapo nilijua kwamba shairi ni vina na mizani. Kwenye zaburi sikuviona. Siku ya kwanza kabisa nilimwuliza, "Sasa hii ni shairi gani, dada? Haina hata kina kimoja."

Akacheka. "Kina iko, lakini haiko kwa masikio. Iko kwa maana. Angalia. Mstari wa kwanza unasema kitu. Wa pili unarudi kukisema tena, ila unaingia ndani kidogo kuliko wa kwanza."

"Kwa nini arudie? Mungu hakusikia?"

"Mungu alisikia. Mwenye kusema ndiye hajajisikia bado."

Jibu hilo nilitembea nalo wiki nzima. Nilikuwa nikisuka mteja huku nikitafuta mistari pacha kichwani. Nikaanza kuona kwamba mwimbaji wa zamani anaposema moyo wake umechoka, kisha akasema mifupa yake imekauka, hakukosa la kusema. Anashuka ngazi, na kila mstari ni kidato kimoja chini.

Jambo jingine alilonifundisha lilinishangaza zaidi. Nilidhani zaburi ni sifa tupu, maana kanisani tunaimba zile za sifa. Akanionyesha kwamba nyingi mno ni vilio. Mtu anamwita Mungu, anamlalamikia waziwazi, anamwuliza amejificha wapi, anaomba, na ndipo karibu na mwisho wimbo unageuka na kuwa shukrani. "Usiruke kilio ukimbilie shukrani," aliniambia. "Hao waliandika vyote viwili kwa sababu vyote viwili ni sala." Tulipofika kwenye zile ambazo mwimbaji anawalaani adui zake, alifunua kurasa haraka. "Hizi tutasoma siku ingine. Si za kwaya."

Baada ya miezi kama minne akanipa kazi. "Andika ya kwako. Kilio. Mistari miwili miwili, kama wao."

Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kulilia kwa namna ile, na nilikuwa sijakisema kwa mtu.

Vita vilipofika mtaani kwetu Uvira nilikuwa na miaka kumi na minne. Wazazi walikuwa wamekwisha kufa. Kaka yangu alikuwa mbali, Bukavu, akitafuta maisha. Nyumbani tulikuwa mimi na bibi, na miguu ya bibi ilikuwa imevimba, hawezi kufika hata jikoni. Majirani walikuwa wakikimbilia ziwani. Nilijaribu kumbeba mgongoni. Nilimfikisha mlangoni tukaanguka wote wawili. Nikamrudisha kitandani, nikamfunika, nikatoka, nikafunga mlango kwa nje. Nilijiambia ni ili askari wadhani nyumba haina mtu. Huenda ni ili nisimsikie. Alikuwa akiniita. Mimi nimerithi jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe aliniita "mama". Baadaye, ng'ambo ya ziwa, kambini Kigoma, mtu wa mtaani kwetu aliniambia nyumba zile ziliungua.

Kaka yangu alitangulia kufika Afrika Kusini, akanitafuta mpaka akanipata, akanileta. Siku niliyofika aliniuliza bibi alikufaje. Nikamwambia alilala usiku akaamka kwa Mungu, siku mbili kabla hatujakimbia, na majirani walimzika vizuri. Miaka yote iliyofuata kaka alishukuru kwa hilo. Kila tulipokusanyika kwake, mtaa wa Isipingo, kwenye sala ya chakula, aliongeza, "Na asante kwa kuwa bibi yetu ulimchukua kwa amani." Nami nilijibu amina.

Hayo ndiyo niliyoyaandika kwenye karatasi ya daftari, na Jumatatu nikamsomea rafiki yangu:

Nilifunga mlango, na bibi alikuwa ndani;
nilizungusha ufunguo, na pumzi zake zilikuwa ndani.
Nilimfunika blanketi lake la simba wawili,
nilimfunika asione miguu yangu ikiondoka.
Aliniita mama, jina la aliyemzaa;
aliniita mama, na sikugeuka kama mama.
Ee Mungu, wewe uliyebaki naye chumbani,
wewe uliyesikia alichosema nilipokwisha kwenda,
niambie.

Nilipomaliza alikuwa analia. Alishika mikono yangu miwili mezani. Kisha, kama mwalimu, akasema polepole, "Haijageuka. Haina shukrani mwishoni."

"Sijui pa kuigeuzia."

"Basi iache hivyo. Niachie karatasi, niisome tena. Usiogope, dada yangu. Hii itabaki kati ya weye, mimi na Mungu."

Nilishuka ngazi zile nikiwa mwepesi. Nilitembea kando ya uwanja wa mbio za farasi mpaka stendi ya taxi nikidhani kwamba labda huko ndiko kugeuka kwa wimbo: kuwa na mtu mmoja anayejua.

Desemba saluni haina pumzi. Kila mtu anataka kusukwa kabla ya sikukuu. Nilikosa mazoezi ya kwaya wiki tatu mfululizo. Rafiki yangu hakunikemea. "Tamasha hili usiimbe," aliniambia kwa simu. "Kaa na familia yako, upumzike." Nikaona ni upendo. Kwa hiyo Jumapili ya tamasha, kwaya za Kikongo zilipokusanyika katika ukumbi wa kukodi kule Point, nilikaa safu ya nne kati ya kaka yangu na shemeji yangu, nikiwa na kitenge kipya.

Kwaya yetu iliimba nyimbo mbili tulizozijua. Kabla ya wa tatu rafiki yangu aligeuka akatazama watu. "Wimbo huu," alisema, "Bwana alitupatia mwaka huu." Akanyanyua mikono, na wanawake niliosimama nao miaka sita wakafungua vinywa wakaimba, "Nilifunga mlango, na bibi alikuwa ndani."

Sikuelewa mara moja. Nilidhani ni mimi niliyesikia vibaya. Sauti ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniumiza kwanza: ulikuwa wimbo mzuri. Sauti za juu zilichukua mstari wa kwanza, za chini zikarudisha wa pili. Lilipofika blanketi la simba wawili nilihisi kaka yangu anatulia kabisa, kama mtu aliyesikia hatua nje ya nyumba. Blanketi lile alilinunua yeye mwenyewe, kwa mshahara wake wa kwanza. Wakafika kwenye "aliniita mama". Hapo hakubaki na shaka. Watu mbele yetu walikuwa wakilia na kunyoosha mikono. Kaka alisimama, akapita magotini mwa watu, akatoka.

Nilimkuta nje, karibu na magari, jua la saa nane likiwa juu yake. Hakuwa na hasira usoni.

"Ni weye uliandika ile?"

"Ndiyo, kaka."

"Bibi alikuwa bado anaongea?"

"Ndiyo."

"Miaka yote hii uliniambia alilala."

Nilianza kueleza habari za miguu ya bibi, jinsi nilivyojaribu kumbeba. Akainua kiganja. "Ungeniambia mimi," alisema. "Ningekuuliza maswali, ungenijibu, tungelia. Lakini weye umeambia kwaya." Shemeji akatoka na watoto, wakaingia kwenye gari, wakaenda.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Nilipanda ngazi za Greyville mikono mitupu. Alifungua mlango akiwa na utepe wa kupimia shingoni, akanikumbatia kabla sijasema neno. "Umeona Mungu alivyotenda? Kuna mama mmoja wa Isipingo alinishika mkono, akasema alimuacha mtoto njiani, hakuwahi kumwambia mtu. Wimbo wako ulimfungua!"

"Ulisema iko kati yetu na Mungu."

"Jina lako sikulitaja."

"Kaka yangu hahitaji jina. Ungeondoa basi hata blanketi."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Blanketi? Blanketi ndiyo iliwaliza watu."

Nilikaa kitini. Akakaa mkabala nami, akasema kwa upole ule ule wa mwalimu, "Dada, hizi zaburi tunazosoma, kila moja ilikuwa siri ya mtu kwanza. Kama wangezificha, leo tungelia na maneno gani?"

Nilimwambia nililoweza kulisema. "Wao walizipeleka wenyewe hekaluni. Hakuna aliyewanyang'anya mezani wakinywa chai. Na weye ulijua. Ungekuwa hujui, usingeniambia nikae na familia."

Hapo alitazama chini, kwenye vitambaa. Hakukana. "Nilijua ungekataa," alisema.

Nilimwomba karatasi yangu. Akaniambia iko kwa mpiga kinanda.

Niliacha kwaya, nikaacha na kanisa. Mama mchungaji alinipigia simu mara mbili, akanihimiza nisamehe, akanihesabia watu waliobarikiwa na wimbo ule. Video zilizunguka kwenye simu. Mteja mmoja, dada wa Kizulu, alinionyesha yake nikiwa nyuma ya kichwa chake na kichana mkononi. Hakuelewa maneno. "Eish, sisi," alisema, yaani dada kwa Kizulu, "wanaimba vizuri hawa watu wenu." Nikamwambia ainamishe kichwa.

Zile zaburi za laana alizoziruka rafiki yangu nilizisoma peke yangu, asubuhi, kabla wenzangu hawajafika saluni. Nilizisoma kwa sauti. Niliomba meno ya mtu yavunjike, njia yake iwe giza na utelezi, watoto wake wasimheshimu. Mwanzoni niliona aibu, kisha nikaelewa jambo ambalo mwalimu wangu hakunifundisha. Mwimbaji yule anayelaani hashiki kisu. Ameshika maneno tu, na anayakabidhi mahali ambapo yanaweza kukaa bila kuua mtu. Akishayasema yote, mikono yake iko mitupu. Asubuhi nyingi nilifunga Biblia nikaweza kusuka nywele za watu bila kuwavuta.

Nikakutana pia na ile ya mwimbaji anayelia kwamba aliyemuumiza si adui. Angekuwa adui, mwimbaji angevumilia, au angejificha asionekane. Ni mwenzake, mtu waliyekuwa wakienda pamoja nyumbani kwa Mungu. Niliisoma nikimwona rafiki yangu na utepe wake shingoni. Niliisoma mara ya pili, ya tatu. Mara moja, sijui ya ngapi, nikasikia sauti ya kaka ndiyo inayoisoma, na mwenzake ni mimi. Chini zaidi nikasikia sauti ya bibi. Nikaifunga. Wiki nzima sikufungua kitabu.

Kaka alikaa miezi saba bila kunipigia. Shemeji alinitumia picha za watoto, basi. Kisha Jumamosi moja, saluni imejaa, simu ikaita, nikaona ni yeye. Nilitoka nje na mafuta mikononi.

"Niambie tu kitu kimoja," alisema. "Aliniulizia mimi?"

Ningeweza kudanganya tena, na uongo ule ungekuwa zawadi. Nilisimama ukutani, upepo wa baharini ukinipiga usoni, taxi zikipiga honi kwenye robot, taa za barabarani.

"Hapana, kaka. Siku ile hakukuulizia. Aliita mimi tu."

Nilimsikia akipumua. "Sawa," alisema mwishoni. "Sawa."

Tangu hapo huniita Isipingo mara moja kwa mwezi. Tunakula. Sala ya chakula huiomba shemeji siku hizi, na ni fupi. Baada ya kula kaka huniuliza kitu kimoja kuhusu siku ile: kama mvua ilikuwa inanyesha, kama maji nilimwachia, dirisha lilikuwa upande gani. Kimoja tu, nami humjibu kama ilivyokuwa. Dirisha lilikuwa wazi. Maji nilisahau.

Rafiki yangu nilikutana naye sokoni mwezi uliopita, amebeba kitambaa cha sare mpya za kwaya. Alisimama. Alisema amenikumbuka sana, na akauliza kama naweza kupanda siku moja, chai iko. Nilimwangalia usoni, nikaona kwamba ananipenda, na kwamba angefanya vile vile tena. Nilimsalimia kama inavyopasa, nikauliza habari za watoto, nikaenda zangu kununua vitunguu.