Ametulia

Dobi alikuwa hodari wa kola. Wenzake kwenye chumba cha pasi walimwachia mashati yote ya maofisini, kwa sababu alijua kuanzia kwenye ncha kuelekea katikati bila kuacha mkunjo hata mmoja, na walimtania kwamba akipewa nafasi angemnyoosha hata mamba. Alicheka nao. Hawakujua kwamba kwa wakwe zake hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake: mke aliyemnyoosha mume.

Alipoolewa hakuambiwa kitu. Mume alikuwa fundi redio, mpole, msafi, mtu asiyepandisha sauti hata akipigwa shoti ya umeme. Habari alizipata mwaka wa pili, kwa shangazi wa mumewe, ambaye wala hakuona kama ni siri.

"Alikuwa na mwenzake, kijana mmoja kinyozi," shangazi alisema huku akichambua mchele. "Mwanamume mwenzake, unanielewa? Tukasema huyu apate mke haraka. Na umeona mwenyewe, ametulia. Wewe mwanangu ndiye dawa yetu."

Dobi aliinamia mchele, akachambua naye.

Tangu siku hiyo alijitahidi kuwa dawa. Alinunua gauni la kulalia lenye utepe kifuani. Alijipaka manukato. Alipunguza kula, kisha alipoona haisaidii akaongeza kula, akijiambia labda ni wembamba. Mumewe alimshukuru kwa kila kitu. Alimkanda miguu akirudi kazini imevimba. Binti yao alipozaliwa, ni yeye aliyeamka kumbembeleza. Mtoto alipoanza kutembea, mume akahamia kulala sebuleni, akasema mgongo wake unataka godoro gumu. Dobi akamtafutia godoro gumu.

Siku moja alimpelekea chakula kwenye kibanda chake cha ufundi akakuta redio inazungumza. Daktari alikuwa akisema kwamba wanaume wanaopenda wanaume wenzao huzaliwa hivyo, na mhubiri akimjibu kwamba hapana, mtu akitaka kubadilika hubadilika. Mume akanyoosha mkono, akazima.

"Betri inaisha," alisema.

Redio ilikuwa imechomekwa ukutani. Dobi aliuona waya, akaweka chakula mezani, akarudi kazini. Njiani aliwaza. Kama mhubiri alisema kweli, basi mume angeweza kubadilika, na ni yeye Dobi aliyeshindwa kumbadilisha. Kama daktari alisema kweli, basi hakuwa na nafasi hata siku ya harusi. Alijaribu kuchagua lipi lina maumivu machache, akashindwa.

Kisha ikaja zamu ya mdogo wa mume, kitinda mimba wa nyumba ile, dereva wa lori. Watu walianza kunong'ona juu yake na utingo wake. Ukoo haukupoteza muda, wakamtafutia mchumba, binti karani wa duka la vitambaa, mcheshi, mwenye mwanya. Binti mwenyewe alimletea Dobi shela lake la harusi alipige pasi kabla ya wakati, kwa kuwa hakuweza kusubiri.

"Eti dada, shemeji yako ni mtu mpole?" aliuliza.

"Ni mpole."

"Wanasema amefanana na kaka yake. Basi mimi nimebahatika!"

Dobi alipunguza moto wa pasi, maana shela ni kitambaa chepesi, huungua ukifumba jicho.

Jumapili iliyofuata aliitwa pamoja na mumewe kwenye kikao ukweni. Mama mkwe alikaa kwenye kochi, dereva kwenye kigoda karibu na mlango, na baba mdogo wa mumewe, mtu wa magazeti mengi, alikuwa amekwisha kuanza.

"Mimi nasema mtu huzaliwa nayo. Mnamwoza binti wa watu bure."

"Kuzaliwa!" shangazi alidakia. "Wifi yangu huyu hapa ndiye aliyemzaa. Muulize kama alimpokea na barua ya maelezo. Haya mambo ni kuiga."

"Dada, wewe mdomo huo ulizaliwa nao au uliuiga?"

Wakacheka wote, hata mama mkwe. Dereva peke yake hakucheka.

"Cheka tu," shangazi alisema. "Mimi ushahidi ninao humu humu. Tulimwoza kaka yake, sasa mtazameni. Haya, mke wetu, tuambie. Mumeo ametulia, hajatulia?"

Kila mtu akamgeukia Dobi. Mumewe alikuwa akitazama kucha zake. Neno moja lingetosha, na jioni hiyo hiyo siku ya harusi ingepangwa.

"Ametulia," alisema.

"Si ndiyo hayo!"

"Nimesema ametulia, Shangazi. Sikusema amebadilika."

"Sasa kuna tofauti gani hapo?"

Jibu lilikuwa la mumewe mwenyewe, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza. Alimgeukia mumewe, naye akainua uso taratibu.

"Sikubadilika, Mama," mume alisema. "Nilinyamaza. Nilijaribu kwa kila hali, na mke wangu alijaribu kuliko mimi."

Dereva alijifunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika. Mama mkwe akasema yule binti wa watu aachwe, atatuma mtu kwao kesho. Akamtazama Dobi.

"Na wewe, mwanangu? Wewe tulikufanya nini?"

"Sijui, Mama," Dobi alisema.

Walirudi kwa miguu, mume na mke, wakafika barabara kuu.

"Kumbe ulikuwa unaniona nikijaribu," Dobi alisema.

"Nilikuona."

"Gauni lile?"

"Lile, na manukato. Na ulipoacha kula."

"Mbona hukuniambia kuwa najisumbua?"

"Ulikuwa bado una matumaini. Niliona vibaya kukunyang'anya."

Dobi alitafuta hasira akaikosa. Kama angepata mtu wa kumlaumu, pengine angefika nyumbani. Lakini alichutama pale pale pembeni mwa barabara, akalia kwa sauti mchana kweupe, watu wakipita na kugeuza shingo. Mumewe hakumwambia anyamaze. Alihamia upande wa magari, akasimama hapo, akamkinga mpaka alipomaliza.