Kamongo Kwenye Ndoo ya Mfuniko

Asubuhi niliyoondoka Mabatini, ugomvi ulikuwa juu ya chumvi. Nilikuwa nauza katika duka la binamu yangu, na mvua za msimu ule zilifanya chumvi ilowe kisha igande kama jiwe. Nilikuwa nimemwona mama jirani akichanganya punje za mchele mkavu kwenye kopo lake la jikoni, nami nikafanya vivyo hivyo kwa gunia zima. Chumvi ikakaa kavu. Wateja wakaanza kuirudisha.

"Nimekuja kununua chumvi au pilau?" mmoja alimuuliza binamu yangu mbele ya watu.

Binamu alinitazama. Nikachukua shati langu la pili, nikatoka. Sikuwa na safari. Mwili ulikuwa umechoka kukaa tangu zamani. Chumvi ilinipa kisingizio.

Shule niliiacha darasa la sita, lakini kuuliza sikuacha. Nilipenda hasa kuuliza watu wanahifadhije vitu vyao. Wapo walioniambia maharage yawekwe ndani ya majivu ili fukusi wasiyatoboe, wengine ndimu zifukiwe kwenye mchanga wenye unyevu, na bibi mmoja aliweka viberiti vyake ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo akaliweka chini ya mto wa kulalia. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa. Bidhaa zilikuwa zimefurika mjini kuliko tulivyojua kuzitunza.

Nilishuka Kirumba, nikaingia soko la samaki la Mwaloni kutazama tu. Malori yalikuwa yanapakia sangara wa viwandani na mabonge ya barafu. Barafu ilikuwa ya sangara. Samaki wa kuliwa na sisi walijitegemea.

Pale nikamkuta mama wa makamo, mtu wa shamba, anahangaika na ndoo mpya nyekundu ya plastiki.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Una mikono?"

"Ninayo."

"Basi shika hapa. Unakwenda wapi?"

"Popote."

"Hiyo popote yako ipo upande wa Busisi?"

"Inaweza kuwa."

Alicheka, nami nikawa nimepata safari.

Ndani ya ndoo mlikuwa na kamongo mzima, yule samaki mrefu wa matopeni, mnene kama mkono wangu. Binti yake alikuwa amejifungua ng'ambo ya Busisi, na maziwa hayakutoka. Mtoto alikuwa analia tu na kupungua. Mama alikuwa ameuza kuku wake wa mayai ili apate samaki huyo, kwa sababu kwao waliamini supu ya kamongo huyafungua maziwa. Lakini awe mbichi.

"Wa kukausha ni mboga tu," aliniambia. "Na barafu nitaitoa wapi? Nimeona nimbebe akiwa hai. Kilicho hai hakiozi."

Nilikubali kabisa. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo. Alijaza maji hadi ukingoni, akabana mfuniko, akaufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili maji yasimwagike njiani.

Tulipata pikapu ya kwenda Kigongo, kwenye kivuko cha Busisi. Ndoo niliibana kati ya magoti. Tangu tulipotoka mjini yule kamongo alikuwa anagonga mfuniko kwa kichwa, du, du.

"Ana nguvu," mama alisema kwa furaha. "Supu itakuwa nzuri."

Kabla ya kufika, kugonga kukaisha.

Kivuko kilikuwa upande wa pili. Tuliketi kwenye mawe, nikafungua mfuniko. Kamongo alikuwa amegeuza tumbo juu. Mama aliita jina la binti yake, kwa sauti ndogo, kama aliyemwona akipita.

Mwanamke aliyekuwa anauza samaki wa kukaanga alikuja kuchungulia.

"Mmemfanya nini?"

"Tumemwekea maji," nilisema.

"Mengi hivi? Na mfuniko? Huyu anavuta pumzi kama wewe! Lazima atoe pua juu." Akageukia wenzake. "Njooni muone, samaki kafa maji!"

Walicheka wote, mpaka utingo wa lori akaja kuuliza kama mazishi ni leo. Mama hakucheka. Yule muuzaji alipomwona uso akaacha mzaha, akamwaga maji yote, akaleta gunia kuukuu la katani aliloloweka ziwani, akamviringisha kamongo pamoja na tope kidogo, kichwa akakiacha wazi. Mama akachuchumaa, akawa anamsemesha kwa Kisukuma taratibu, kama anayemwamsha mgonjwa.

Kinywa kikafunguka. Ikatoka sauti kama ya mzee anayekaa kitini.

Nilinyoosha kidole nione vizuri. Muuzaji akanipiga kofi mkononi.

"Huyo anang'ata! Unataka supu ya kidole?"

Kwenye kivuko nilikuwa nachota maji na kulowesha gunia, nachota na kulowesha.

"Kijana, unamwogesha nani?" utingo aliuliza.

"Mgonjwa."

Kutoka Busisi tulitembea mchana wote, tukisimama kwenye kila kijito kulowesha. Kila tuliposimama mama aliinamia gunia kusikiliza. Mkwewe alikuwa machimboni, hivyo mama aliingia uani moja kwa moja bila kuzunguka nyuma ya nyumba kumkwepa, kama ilivyo desturi ya mkwe. Binti alikuwa mlangoni na mtoto begani, macho yamemwingia ndani. Mama hakumsalimia kwanza. Alifungua gunia amwonyeshe mkia unaopiga.

Alimchinja mwenyewe. Kichwa na kipande cha mbele vikaingia chunguni. Kilichobaki, cha supu ya asubuhi, alikipaka chumvi akakining'iniza juu ya mafiga.

"Sasa amekufa," alisema, "sasa ndiyo anaweza kuoza. Anataka moshi kidogo tu, asikauke. Na paka wa hapa ni mwizi. Mimi nitakuwa na mtoto. Utalala jikoni, mwanangu, umtazame?"

Nilikuwa nimekwisha kuitazama barabara inayoendelea magharibi, na mwili ulikuwa unaitaka. Ndani, binti alikuwa anapuliza supu kwenye bakuli. Mtoto alikuwa ametulizwa kifuani, hajalala, anajaribu kunyonya. Kama maziwa yatatoka, hakuna aliyejua bado.

"Moshi kiasi gani?" niliuliza.

Mama alinitupia jamvi.

"Wa kufukuza mbu. Usiwe wa kufukuza mgeni."

Nikatandika karibu na mafiga, nikasukuma ukuni mmoja mbichi ndani ya majivu.