Majina Kwenye Vioo vya Paulin

Paulin Kabeya hakuwahi kuweka kando kipande cha kioo bila kukiandika jina. Miaka kumi na miwili ya kazi katika maabara ya hospitali ilimfunza hivyo: tone la damu, kioo, jina la mgonjwa kwa wino, kisha sandukuni. Lakini mazoea yana taabu, na haya nusura yamzike.

Hadubini aliyotumia nyumbani ilikuwa kichekesho: bati jekundu refu kama kiganja, kitu cha kuchezea watoto. Mzungu mmoja wa mtaa wa Bel-Air, alipokuwa akifunga mizigo kukimbia baada ya uhuru mwaka wa sitini, alimwachia kwa kuwa mwanawe alikwisha kuichoka. Haikuonyesha vizuri. Lakini Paulin, aliyefukuzwa kazini kwa kosa la kuzaliwa Kasai, jimbo jingine, alijua anachokitafuta, na kwa chupa ya rangi aliyotoka nayo maabara aliviona vijidudu vya malaria. Wenyeji wa Katuba, mtaa aliokuwa akiishi, wakamletea watoto wenye homa, naye hakudai kitu. Hata Kalaba, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimleta mwanawe Mwansa. Paulin alimwambia amkimbize hospitali siku ileile. Kalaba akasema kesho, na kesho yake akasema kesho. Mtoto akazikwa Jumapili.

Mwezi wa tisa wa 1961, vijana wenye mapanga na minyororo ya baiskeli walipita nyumba kwa nyumba wakiwatoa Wakasai. Nyumba mbili zilikuwa zikiwaka, na mwenye moja alilala mlangoni kichwa kimepasuka. Kwa Paulin walivunja mlango mchana kweupe, wakamburuta nje pamoja na mkewe Léonie na binti yao Bijou. Kiongozi wao, Kalenga, akafungua sanduku. Akakuta vioo thelathini vyenye damu kavu, na kila kimoja kina jina la mtu wa mtaa. Siwatetei hata kidogo, ila najua walichokiona: mchawi na ghala lake.

Paulin, meno mawili yamekwisha kung'oka, aliwasihi wawaite wenye majina waone kama kuna aliyedhurika. Kalenga akaanza kusoma. Jirani mmoja mmoja alisukumwa mbele, akasema yuko mzima, akarudi nyuma upesi. Paulin alianza kupumua. Kisha likasomwa jina la Mwansa.

Watu wakamgeukia Kalaba. Sentensi moja tu ingetosha: aliniambia, nikachelewa. Mkewe, Nkandu, alifungua kinywa, Kalaba akambana kifundo cha mkono.

“Huyu muntu alikamata damu ya mutoto wangu,” Kalaba alisema akitazama miguu yake. “Kiisha mutoto alikufa.”

Hakusema uongo hata neno moja, na ndilo linalonichoma mpaka leo. Walimpiga Paulin kwa minyororo hadi akashindwa kutambaa. Kalenga akaichukua ile hadubini, akamdidimizia ncha yake katika jicho la kulia, jicho alilokuwa akichungulia nalo. Gari la askari wa UNO, Umoja wa Mataifa, lilipotokea walitawanyika, wakidhani amekufa. Bijou aliokota bati lililopinda pamoja na chupa ya rangi na kioo kimoja kitupu, akavificha ndani ya nguo yake.

Wiki tatu baadaye, katika kambi ya wakimbizi wa Kikasai, Nkandu alijipenyeza kwenye waya wa uzio akiwa amembeba mtoto wake wa mwisho, Mumba, anayewaka homa.

“Baba Bijou,” alisema, “Kalaba iko kule barabarani. Macho ya kukuangalia hana. Ni yeye alinituma.”

Léonie alimwambia mumewe amfukuze, na nani angemlaumu? Paulin alimchukia Kalaba kwa moyo wote. Kisha akalinyoosha bati, akamchoma mtoto kidole, akapaka tone kwenye kioo, akatia rangi, akasubiri, akainama kwa jicho la kushoto. Ilimchukua muda kuviona vijidudu.

“Hospitali,” alisema. “Leo, Mama Mwansa.”

Nkandu akakimbilia barabarani. Kwa mazoea, Paulin akachukua kalamu, akaishika juu ya kile kioo. Kisha akaiweka chini, akakifuta kioo kwa pindo la shati mpaka damu yote ikatoka.