Ngumi ya Mbeba Ndoo

Mbeba ndoo ya karo hapa Bwera ana sauti ya chini, na viatu vyake havisikiki. Kila Jumapili baada ya ibada huwapitia wazazi ambao watoto wao walisomeshwa na ndoo hiyo, ili nao wasomeshe watoto wa wenzao. Kila mtu huingiza ngumi chini ya kitambaa kinachofunika ndoo, sarafu ikalia, kisha hutoa kiganja wazi. Mbeba ndoo mwenyewe hutia mwisho, na ngumi yake hutoka imefumbwa vilevile. Tabisa, ambaye binti yake ni mwalimu sasa, ameitilia shaka ngumi ile tangu zamani. Leo akamfuata nyuma ya kanisa.

“Mama, unabeba nini mu mukono?”

Mwanamke akakunjua vidole polepole. Palikuwa na kifungo cha sweta.

“Iko yako,” akasema. “Niliikuta mu ndoo pahali pa sarafu, kama za bengine. Sikupenda batu baione.”

Mkono wa Tabisa ukapanda kifuani, pale penye uzi mtupu.